Nusu Mtu, Nusu Mnyama: Ngano na Maumbile katika Nchi ya Handeni na Korogwe

Miongoni mwa viumbe vilivyobuniwa na akili ya binadamu, ni vichache vilivyodumu kama yule aitwaye sentauri, yaani mtu-farasi. Kuanzia kichwani hadi kiunoni kiumbe huyu ni mtu mwenye mikono miwili. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni farasi mwenye miguu minne. Wayunani wa kale walimchora juu ya mitungi yao zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Katika karne ya ishirini waandishi wa Uingereza walimfufua: C.S. Lewis katika hadithi zake za nchi ya Narnia, zilizoanza kutolewa mwaka 1950, na J.K. Rowling katika vitabu vyake vya Harry Potter, vilivyoanza mwaka 1997. Filamu zilizotokana na vitabu hivyo zimeenea duniani kote, na leo kijana wa Korogwe aweza kumwona mtu-farasi akitimua mbio ndani ya simu ya mkononi, akastaajabu na kufurahi.

Lakini swali la kiumbe nusu mtu na nusu mnyama haliji kwa sura ya burudani peke yake. Msafiri atokaye Korogwe kwenda Handeni huiacha nyuma milima ya Usambara, huvuka mto Pangani na kuingia katika nyika kavu ya Wazigua, nchi ya mahindi na ya mifugo. Huko, kama ilivyo popote penye mbuzi wengi, hutokea mara chache mbuzi akazaa kitoto kilichokufa, chenye kichwa kikubwa cha mviringo na uso mfupi usio na pua ndefu ya mbuzi. Mwenye kukiona huweza kusema, "Huyu ana uso wa mtu." Papo hapo swali linageuka: si la kustaajabia tena, bali ni la kutafuta mwenye kosa.

Kwa hiyo hapana budi kuuliza maswali mawili. Kwanza, kwa nini akili ya binadamu hupenda sana kuunganisha mtu na mnyama? Pili, je, maumbile yenyewe huweza kuruhusu muungano wa namna hiyo?

KWA NINI ANAPENDEZA

Mtu ni kiumbe dhaifu mwenye akili nyingi. Hana kwato, hana makucha, na mbio zake hazimpiti mbuzi aliyeshtuka. Si ajabu, basi, kwamba tangu zamani ametamani kuongeza juu ya akili yake nguvu na wepesi wa mnyama. Mtu-farasi ni tamaa hiyo iliyopewa mwili: fikira za mtu zikibebwa na mbio za farasi.

Lipo pia jambo la ndani zaidi. Katika ngano za Wayunani, watu-farasi wengi walikuwa wakali na walevi. Walialikwa harusini kwa jirani zao, wakalewa, wakataka kumnyakua bibi harusi, na vita vikazuka. Lakini mmoja wao, jina lake Cheiron, alikuwa mwenye hekima na mganga hodari, hata akawalea na kuwafundisha Achilles, shujaa wa vita, na Asclepius, aliyehesabiwa kuwa baba wa utabibu. Kiumbe mmoja alibeba mafunzo mawili: kwamba ndani ya kila mtu mna tamaa ya mnyama, na kwamba tamaa hiyo huweza kutawaliwa na akili. Hii ndiyo sababu moja ya vijana kumpenda. Kijana aliye katika umri wa kubalehe, ambaye mwili wake unabadilika kwa namna asiyoizoea, humtambua upesi kiumbe ambaye nusu yake moja haisikilizani na nyingine.

Kuhusu asili ya picha hii, wapo wanaodhani kwamba ilitokana na watu ambao hawajazoea kupanda farasi kuwaona kwa mbali wapanda farasi hodari wa Thessalia, kaskazini mwa Uyunani, wakadhani kwamba mtu na mnyama wake ni mwili mmoja. Dhana hiyo ina uzuri wake, maana inatukumbusha kwamba ili kumbuni mtu-farasi, lazima kwanza farasi awepo.

NCHI ISIYO NA FARASI

Katika nchi ya Handeni farasi hakuwepo, na sababu yake ni mdudu. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hunyonya damu na kuambukiza vijidudu viitwavyo tripanosoma. Mwaka 1895 daktari wa Kiingereza, David Bruce, akifanya kazi katika nchi ya Wazulu huko Afrika Kusini, aligundua kwamba vijidudu hivyo ndivyo viletavyo nagana, ugonjwa unaodhoofisha na kuua mifugo. Ng'ombe na mbuzi wengine wa kienyeji huustahimili kwa kiasi. Farasi hufa haraka.

Historia ya njia za misafara imejaa ushahidi. Mwaka 1857 Burton na Speke walipoelekea bara walikuwa na punda wengi wa kubeba mizigo, na wengi wao walikufa njiani. Mwaka 1876 Roger Price, mmisionari wa Kiingereza, alijaribu kupitisha ng'ombe wa kukokota magari kutoka Saadani hadi Mpwapwa, njia inayokatiza Uzigua, akaona kwamba yawezekana. Mwaka uliofuata msafara uliomfuata kwa njia hiyo ulipoteza ng'ombe wake kwa mbung'o. Ndiyo maana mizigo ya nchi hii ilibebwa na vichwa na mabega ya wapagazi. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya kaskazini-mashariki ya Tanzania, ameeleza jinsi wakulima wa Uzigua walivyojua kumzuia mbung'o kwa kulima na kufyeka, na jinsi vichaka na mbung'o vilivyorudi pale njaa na utawala wa kikoloni vilipoidhoofisha jamii hiyo.

Pale ambapo farasi hakai, mtu-farasi hazaliwi hata katika ngano. Pwani, ambako farasi na punda walifahamika kwa njia ya dau na biashara, watu walimjua Buraki, mnyama wa safari ya Miraji. Hadithi humtaja kuwa mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu wa kubebea mizigo. Uso wa mtu anaopewa katika picha za kutundika ukutani ni nyongeza ya wachoraji wa karne za baadaye. Lakini bara, katika milima na nyika, mnyama aliyeitawala fikra alikuwa simba.

KIGEGO ALIYEITWA SIMBA

Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichopigwa chapa Magila kuanzia mwaka 1895, kinasimulia habari za Mbegha, mwasisi wa ukoo wa kifalme wa Usambara. Mbegha alitoka Nguu, milima iliyo magharibi ya Handeni, upande ambao tangu mwaka 2002 una wilaya yake yenyewe ya Kilindi. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Katika desturi za zamani jambo hilo lilihesabiwa kuwa kisirani. Watoto wa namna hiyo waliweza kuuawa, na aliyeachwa hai aliogopwa na ndugu zake. Mbegha alinyimwa urithi, akafukuzwa, akaishi porini na mbwa wake akiwinda nguruwe. Alipopanda milima ya Usambara aliwasaidia wenyeji kwa kuwaua nguruwe walioharibu mashamba na kwa kuwagawia nyama. Akaua simba. Watu wakamtawaza, na wafalme wa Vugha wakaamkiwa kwa jina la Simba Mwene.

Hapa ndipo palipo na mtu-mnyama wa nchi ya Korogwe na Handeni. Hakuna aliyedhani kwamba mfalme ana mkia. Jina la Simba lilikuwa fumbo: mtawala ana nguvu ya kuua, nayo nguvu hiyo yaweza kulinda au kula watu. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, ameonyesha jinsi masimulizi ya Mbegha yalivyobeba fikra za watu juu ya utawala mwema na mbaya. Wayunani walikuwa na Cheiron na walevi. Wasambaa walikuwa na simba mlinzi na simba mla watu. Mahitaji ya akili ni yale yale, na mnyama ndiye aliyebadilika kwa kufuata nchi.

Fumbo likishikwa kama habari ya mwili, huleta madhara. Katika miaka ya 1940, huko Singida, watu wengi waliuawa na vifo vyao vikasemwa kuwa ni kazi ya simba au ya watu waliogeuka simba. Walioshtakiwa na kuhukumiwa mahakamani walikuwa binadamu, na silaha zao zilikuwa za binadamu.

SHERIA YA VIUNGO VINNE

Sasa na tulitazame swali la pili, la maumbile. Pingamizi la kwanza dhidi ya mtu-farasi ni hesabu ndogo. Ana mikono miwili na miguu minne, jumla viungo sita. Mhesabu kuku: mabawa mawili, miguu miwili. Mhesabu popo, kinyonga wa Usambara, chura, tembo na mtu mwenyewe: vinne, vinne, vinne. Hakuna mnyama hata mmoja mwenye uti wa mgongo, aliye hai au aliyebaki katika mawe ya kale, ambaye jamii yake ina jozi tatu za viungo.

Sababu ya jambo hili yapatikana katika mkoa huu huu wa Tanga. Mwaka 1938 huko Afrika Kusini alivuliwa samaki aitwaye silikanti, ambaye wataalamu walidhani jamii yake ilitoweka miaka milioni 66 iliyopita au zaidi. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wa Tanzania nao walianza kumnasa, hasa katika maji ya kina kirefu ya Tanga, na mwaka 2009 Serikali ilitangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Silikanti ana mapezi manene yenye mifupa na misuli ndani yake, jozi moja kifuani na jozi moja tumboni, na aogeleapo huyapeleka kwa kupishana, kama mnyama atembeaye. Yeye si babu yetu; uchunguzi wa jeni uliotangazwa mwaka 2013 umeonyesha kwamba kamongo, samaki mwenye mapafu wa maziwa na mito yetu, ndiye aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu. Lakini wote wawili wanalihifadhi umbo la zamani: jozi mbili za mapezi ya pembeni. Samaki wa kale waliokaribia kutoka majini, zaidi ya miaka milioni 370 iliyopita, walikuwa na jozi mbili tu, nasi sote tulirithi hizo.

Kiinitete cha mnyama, kingali kidogo kuliko punje ya mtama, huwa tayari kimekwisha kugawiwa sehemu mbili za kuotesha viungo, moja mbele na moja nyuma. Jeni iitwayo Tbx5 husimamia ile ya mbele, na mwenzake Tbx4 ile ya nyuma. Sehemu ya tatu haipo. Ni kweli kwamba mara chache ndama huzaliwa na miguu mitano au sita, lakini hiyo ni miguu iliyojirudia kwa hitilafu, au mabaki ya pacha asiyetengana vema na mwenzake. Huning'inia bila kazi, haiambatani na misuli na mishipa ya fahamu ya kuiendesha, wala mwenye nayo hairithishi kwa wanawe.

Maumbile ni mepesi kuondoa kuliko kuongeza. Nyoka amepoteza viungo vyote. Katika udongo wa misitu ya Usambara mna jamaa wa chura, mrefu na mwororo, ambaye mkulima asiyemjua humdhania kuwa nyungunyungu mkubwa. Naye mababu zake walikuwa na miguu minne. Nguva wa bahari yetu amebakiwa na viganja viwili vya mbele, na miguu yake ya nyuma imetoweka. Kwa hesabu hii, yule mwanamke-samaki wa hadithi za mabaharia, ambaye yasemekana alibuniwa kwa kumwona nguva akimnyonyesha mwanawe, amevunja sheria chache kuliko mtu-farasi: yeye amepunguza tu.

Anayetaka kumwona mtu-farasi wa kweli na ainame katika shamba la mahindi la Handeni amtafute vunjajungu. Mdudu huyu husimama kwa miguu minne, akainua kifua chake wima, na miguu miwili ya mbele akaikunja kama mikono ya kukamatia. Hilo ndilo umbo lenyewe la mtu-farasi. Limewezekana kwake kwa sababu wadudu walianza safari yao wakiwa na miguu sita. Kwa hiyo umbo si muhali. Muhali ni kulipata kwa kuanzia na mwili wetu.

KINYWA KIDOGO, TUMBO KUBWA

Tuseme, kwa ajili ya mjadala, kwamba kikwazo cha viungo kimeondolewa. Je, kiumbe huyu angeishi?

Galen, tabibu mkuu wa Wayunani katika karne ya pili, alikwisha kuuliza swali hili: angekula nini? Farasi wa kilo 500 huhitaji kalori 16,000 hivi kwa siku hata asipofanya kazi ngumu. Hupata chakula hicho kwa kula nyasi kiasi cha kilo 10 zilizokauka, na kazi hiyo humchukua zaidi ya saa kumi kwa siku. Meno yake ni marefu, yamezama ndani ya taya, na huzidi kujitokeza kadiri yanavyosagwa na nyasi. Meno ya mtu ni mafupi. Akitafuna nyasi za Handeni kwa miaka michache yangekwisha. Basi mtu-farasi hana budi kula chakula cha watu. Unga wa mahindi hutoa kalori 3,600 hivi kwa kilo. Hesabu ni rahisi: angehitaji kilo nne na nusu za unga kila siku, ambazo zikisongwa ni zaidi ya kilo kumi za ugali, zote zipite katika kinywa na koo la mtu mmoja. Gunia la kilo 100 lingekwisha kwa siku 22. Na tumbo la farasi, lililoumbwa kuchachusha nyasi polepole katika utumbo mpana, lingeugua vibaya kwa shehena hiyo ya wanga, kama farasi wa kawaida anavyougua akivamia ghala la nafaka.

Pumzi nayo ni shida kubwa. Farasi akimbiapo kwa kasi hupitisha lita 1,500 za hewa au zaidi kwa dakika. Mwanariadha hodari hufikia kama sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Bomba la hewa la mtu lina upana wa sentimita mbili hivi. La farasi ni kama tano au sita, hivyo nafasi ya kupita hewa ni zaidi ya mara sita. Mtu-farasi mwenye pua ya mtu na mapafu ya farasi angekimbia hatua chache, akaanguka kwa kukosa hewa. Tena farasi wa kawaida huelekeza zaidi ya nusu ya uzito wake juu ya miguu ya mbele. Kumwekea kiwiliwili cha mtu mahali pa shingo ni kuiongezea mzigo miguu ile ile iliyokwisha kulemewa. Faida moja tu ingekuwepo: mtu na farasi wote wawili hutoa jasho jingi kuliko wanyama wengi, kwa hiyo pande zake mbili zingekubaliana katika namna ya kupoza mwili.

Pingamizi la mwisho lilitolewa na Lucretius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo. Alikumbusha kwamba farasi afikapo miaka mitatu yu katika nguvu zake, ilhali mtoto wa mtu wa umri huo bado aweza kulitafuta titi la mama. Mtoto wa farasi hubebwa mimba miezi kumi na mmoja, na husimama kwa miguu yake saa moja au mbili baada ya kuzaliwa. Mtoto wa mtu huchukua miezi kabla ya kuimudu shingo yake. Mwana wa mtu-farasi angesimama siku ya kwanza huku kichwa chake kikining'inia, na angefikia uzee wa farasi kabla ya nusu yake ya juu kumaliza ujana.

MTU NA MNYAMA HAWAZAI PAMOJA

Sasa turudi Handeni, kwa mbuzi na kitoto chake. Je, yawezekana mtu na mnyama kuzaa? Jibu la sayansi ni hapana, na sababu zake zafaa kujulikana na kila mwananchi.

Kila chembe ya mwili ina nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Mtu ana 46, mbuzi na ng'ombe 60, kondoo 54, punda 62, farasi 64. Farasi na punda ni jamaa wa karibu sana, ndiyo maana huweza kuzaa nyumbu wa kubebea mizigo mwenye kromosomu 63. Lakini hata huyo, karibu daima, ni tasa. Wala usawa wa hesabu peke yake hautoshi: ng'ombe na mbuzi wote wana 60, wala hakuna mzao wao. Mbegu ya kiume hulitambua yai la jamii yake kwa alama maalumu. Na hata kama ingepenya, maagizo ya urithi ya viumbe waliotengana kwa makumi ya mamilioni ya miaka hayawezi kujenga mwili mmoja.

Mambo yafanywayo katika maabara yasichanganywe na jambo hili. Mwaka 1984 wataalamu walitangaza kuwa wamepata mnyama mwenye chembe za mbuzi na za kondoo pamoja, kwa kuchanganya viinitete kwa mikono yao; hakutokana na kupandana. Mwaka 2021 chembe za mtu zilitiwa katika viinitete vya nyani ndani ya vyombo vya maabara, na havikuishi hata siku 20. Kama kazi hiyo ngumu yenye vifaa vya thamani kubwa inaishia hapo, zizi la mbuzi haliwezi kuipita.

Basi kitoto kile chenye "uso wa mtu" ni nini? Ni mbuzi. Uso wa mnyama yeyote anyonyeshaye, angali mchanga tumboni, ni mfupi na wa mviringo; pua na taya hurefuka baadaye. Hitilafu ikizuia taya kurefuka, au maji yakijaa ndani ya fuvu na kuvimbisha kichwa, sura hubaki ya mviringo, na jicho letu, ambalo limezoea mno kutafuta nyuso za watu hata katika mawingu, humaliza kazi.

Sababu za hitilafu hizo ni nyingi: urithi, hasa pale beberu mmoja anapopanda binti zake, mimea yenye sumu, kama ule wa Marekani uliowafanya kondoo kuzaa watoto wenye jicho moja, na virusi, kama kile kiitwacho Akabane, kinachoenezwa na usubi na kuharibu ubongo wa kitoto kingali tumboni. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, hufanya mifugo mingi kutupa mimba kwa wakati mmoja, hasa baada ya mvua kubwa. Mlipuko wake wa mwaka 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 100 katika Tanzania.

Hapo ndipo ngano inapogharimu. Mwaka 2009 katika jimbo la Midlands nchini Zimbabwe mbuzi alizaa kitoto chenye kichwa kilichofanana na cha mtu. Wanakijiji walikichoma moto, na kiongozi mmoja wa serikali akatamka hadharani kwamba kilitokana na mtu. Waliokichoma walichoma ushahidi ambao daktari wa mifugo angeweza kuupima, na waliosikiliza tamko lile wakabaki kutazamana, kila mmoja akimshuku mchungaji wa jirani yake.

YANAYOPASWA KUFANYWA

Mfugaji anayepata kitoto cha namna hiyo asikiguse kwa mikono mitupu, wala asikubali mbwa wakile, kwa kuwa maradhi kadhaa yanayosababisha kutupa mimba humwambukiza binadamu pia. Amwite afisa wa mifugo wa kata, na wakati wa kumsubiri amtenge mama yake. Aeleze kama wapo mbuzi wengine waliotupa mimba katika majuma yaliyopita, kama mvua zilikuwa nyingi, na kama beberu ni yule yule wa miaka yote. Taarifa moja ya mapema yaweza kuokoa kundi zima, na pengine watu.

La pili lahusu watoto wetu wenyewe. Mtoto wa mtu naye huweza kuzaliwa na kichwa kikubwa au mgongo wazi. Mama yake hakulaaniwa, wala hakukutana na mnyama wala pepo. Sehemu kubwa ya kasoro za mgongo wazi huzuilika kwa mama kupata foliki asidi ya kutosha tangu kabla ya kushika mimba, na watoto wengi waliozaliwa nazo husaidiwa kwa upasuaji, kama ule unaofanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Kinachowaua wengine ni kufichwa ndani.

Vijana wa Korogwe na waendelee kumfurahia mtu-farasi. Hapana dhara katika fumbo lijulikanalo kuwa fumbo, na fumbo jema humfundisha mtu habari zake mwenyewe. Lakini mwili wa kiumbe si fumbo. Una sheria zake, na mwenye kuzijua hatamshtaki mchungaji asiye na kosa wala kumfungia chumbani mtoto aliyezaliwa tofauti. Wakale wa Nguu walimtazama kigego wakaona kisirani; kumbe yalikuwa meno tu, yaliyotangulia kuota juu badala ya chini. Walimfukuza, naye akaenda kuwa mfalme wa watu wengine.